Mama, usilipe kiingilio kabla hujaona miwani

*Sehemu ya 1*

Mama mwenzangu, wiki hii nilikuwa nimekuahidi tuongee juu ya kumwachisha mtoto kunyonya. Utanisamehe, hiyo itangoja. Jumapili nilikuwa zamu ya mchana na kuna kitu kimenikaa kooni tangu siku hiyo. Nisipokisema sasa nitakuja kukisema vibaya baadaye.

Aliletwa mtoto wa miaka sita, leso ya mama yake imefunikwa usoni. Chini ya leso kulikuwa na ndoano ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, imevikwa manyoya ya rangi ya machungwa na kauzi kanakometameta. Ungeiona mezani ungeisifia. Ilikuwa imeingia jicho la kushoto, pembeni kidogo mwa mboni. Baba alikuwa amekata mshipi kwa meno ili waweze kumwingiza mtoto kwenye gari.

Walikuwa wametoka kuvua trauti. Si mtoni. Kwenye bwawa la kulipia, la familia, lenye bembea na chipsi na bango kubwa la kuwakaribisha watoto. Jina la bwawa sitataja, na usiniulize kwa ujumbe wa siri kwa sababu sitajibu. Mtoto pia sitamtaja, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asitambulike. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa.

Sasa sikia. Mtoto huyo hakuwa anavua. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, anakula ndizi.

Baba alikuwa anarudia maneno hayo hayo pale mlangoni: "Sikumwona, sista. Sikumwona nyuma." Nami namwamini. Hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ndiko kwa kuangalia.

*Sehemu ya 2*

Kabla hamjaniita mama wa woga: mimi naishi huku Nyeri, na trauti napenda. Wanangu wawili wamevua. Mkubwa alishika samaki wake wa kwanza akiwa na miaka minane, akalia kwa furaha, kisha akalia tena tulipomuua, kisha akamla wote na kuomba wa mdogo wake. Sijaona skrini yoyote inayomfanyia mtoto kazi kama hiyo kwa siku moja.

Na ni samaki mzuri mno kwa mama. Ana protini, ana yale mafuta ya omega-3 yanayosaidia ubongo na macho ya mtoto aliye tumboni, ana vitamini B12. Mjamzito anaweza kumla bila wasiwasi akiiva vizuri. Mtoto aliyeanza chakula kwa miezi sita anaweza kuonjeshwa, ila umtoe miiba kwa vidole vyako, si kwa macho tu, maana trauti ana miiba midogo myembamba ubavuni ambayo hujificha kwenye nyama.

Kwa hiyo wale wanaosema huu ni mchezo wa wazungu na mama wa kawaida aachane nao, mimi siko upande huo. Ni kweli uliletwa. Mayai ya trauti yalisafirishwa kutoka Scotland, na mwaka 1905 Ewart Grogan akawa ametia samaki hao kwenye mto Gura, hapa Aberdare. Mwaka 1948 vikajengwa vituo vya kulea samaki vya Sagana na Kiganjo, na Kiganjo ikawa ndiyo ya trauti. Lakini hata chai ililetwa, na hakuna anayekuuliza ukinywa. Samaki ni wetu. Mabwawa ni ya watu wetu, na wanaolipa kiingilio siku hizi ni wewe na mimi, na watoto wetu nyuma ya gari wanauliza tumefika.

Hapo kwenye kulipa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wengi hamjui kwamba trauti hazaliani kwenye bwawa la maji yaliyotulia. Ili ataga mayai anahitaji maji yanayokimbia juu ya changarawe safi. Kwa hiyo kila samaki unayemwona akiruka pale bwawani aliletwa na mtu. Alilelewa kwingine, akahesabiwa, akasafirishwa kwenye tangi lenye hewa ya oksijeni, akamwagwa ndani ya maji, na tangu hapo analishwa chakula cha vidonge vinavyonunuliwa kwa gunia. Mwenye bwawa anajua idadi yao. Anajua uzito wao, maana anakupimia kwenye mizani kabla hujaondoka.

Mtu anayeweza kupanga hayo yote hawezi kuniambia kwamba kununua miwani kumi za plastiki ni kazi ngumu.

*Sehemu ya 3*

Watu wengi wameniandikia, "Sista, lakini ndoano yenyewe ni ndogo sana." Ndiyo. Wacha nieleze kwa nini udogo huo ndio shida.

Kuvua tunakokujua, kwa mnyoo au unga, uzito uko mwisho wa uzi. Unatupa jiwe au risasi na ndoano inafuata. Unaweza kufanya hivyo umekaa, na aliye nyuma yako yuko salama kiasi.

Kuvua kwa nzi bandia ni kinyume. Ile ndoano yenye manyoya imetengenezwa ifanane na mdudu, na uzito wake ni kama hakuna. Huwezi kuitupa. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito, ule unaouona una rangi ya kijani au ya machungwa. Anayevua anaurusha kwanza NYUMA, anangoja kidogo unyooke, halafu anausukuma mbele. Ukitaka nzi wako aangukie mita nane majini, basi sekunde moja kabla yake alikuwa karibu mita nane nyuma yako, hewani, kwa kasi, na wewe ulikuwa umetazama mbele.

Soma tena hiyo. Anayevua anatazama mbele. Hatari iko nyuma.

Sasa ongeza mambo mengine mawili ambayo nimeyaona kwa macho yangu kwenye mabwawa zaidi ya moja.

La kwanza, anayejifunza huiangusha fimbo mno nyuma. Kila mtu anafanya hivyo, hata mimi. Badala ya mshipi kwenda juu, unashuka. Unashuka hadi wapi? Hadi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

La pili ni upepo. Huku juu mchana upepo huwa unaamka. Ukitumia mkono wa kulia na upepo ukakujia kutoka kulia, unakusukumia ndoano kichwani kwako mwenyewe. Aliyezoea anageuka au anarushia juu ya bega lingine. Mgeni aliyepewa fimbo dakika tano zilizopita na kijana wa pale bwawani hajui hata upepo unatoka wapi.

Halafu tazama bwawa lilivyopangwa. Wanaovua wamepangwa upande mmoja wa ukingo, bega kwa bega. Nyuma yao kuna njia. Njia hiyo inaenda wapi? Kule bwawani walikotoka yule mtoto na wazazi wake, kwa maelezo ya mama yake, inaenda chooni na kwenye bembea. Yaani kila mtoto anayetaka kukojoa lazima apite kwenye uwanja wa ndoano. Mtu aliyepanga hivyo hakuwa mbaya, nafikiri. Alikuwa hajawaza. Lakini baada ya mtoto mmoja kuumia, akiendelea kutowaza, mimi nitaliita jina lingine.

Na kuna njia rahisi ambayo kila mwalimu wa mchezo huu anaijua: kurusha kwa kuviringisha. Mshipi hauendi nyuma. Unauvuta taratibu juu ya maji mpaka fimbo isimame karibu na sikio lako, unatulia, kisha unausukuma mbele na unajiviringisha wenyewe juu ya maji kama mkeka unaofunguliwa. Hauendi mbali. Lakini kwenye bwawa dogo lililojaa samaki waliozoea kutupiwa chakula ukingoni, mbali ya nini? Mita tano, sita zinatosha. Mtoto anajifunza hii kwa nusu saa na nyuma yake hapaumii mtu.

Kwa nini hawafundishi hivyo? Kwa sababu kurusha nyuma na mbele kunapendeza kwenye picha. Ndiyo jibu nililopewa na kijana mmoja wa bwawani, na alinijibu kwa uaminifu kabisa, hakuwa anatania.

*Sehemu ya 4*

Jicho.

Jicho la mtoto mdogo si jicho la mtu mzima lililopunguzwa ukubwa. Mtoto anazaliwa hajui kuona vizuri. Ubongo wake unajifunza kuona, mwaka baada ya mwaka, mpaka anapofikia miaka saba au minane hivi. Katika muda huo jicho moja likileta picha yenye ukungu, ubongo hausubiri. Unaliacha. Unachukua picha ya jicho zima na lile lingine unalipuuza, na baadaye hata ukilitengeneza vizuri, ubongo umeshasahau kulitumia.

Ndoano inapotoboa kile kioo cha mbele cha jicho, kovu linaweza kubaki. Ikifika kwenye lenzi, lenzi huweza kuingia ukungu, tunaita mtoto wa jicho. Kwa mzee wa miaka sabini mtoto wa jicho hutolewa, anavaa miwani, anaendelea kusoma gazeti lake. Kwa mtoto wa miaka sita, kuondoa ukungu ni mwanzo tu. Baada ya hapo kuna miwani, kuna kuziba jicho zima masaa kadhaa kila siku ili lile lililoumia lilazimike kufanya kazi, kuna kwenda kliniki miezi na miaka. Na mama anayejua maana ya kumlazimisha mtoto wa darasa la kwanza akae na jicho lake zuri limezibwa, wakati wenzake wanamcheka, ataelewa kwa nini nimekasirika.

Yule mtoto alihamishiwa kwa madaktari wa upasuaji wa macho usiku ule ule. Ndoano ilitoka. Lenzi imeanza kuwa nyeupe. Ana kipimo kingine mwezi ujao.

Miwani ya kukinga macho, ile ya plastiki ngumu ambayo fundi wa mbao huvaa, inauzwa hadwea kwa pesa isiyofika bei ya kilo ya nyama. Ziko za ukubwa wa watoto. Hata zile za jua zenye plastiki nzuri ni afadhali kuliko macho matupu. Na kofia yenye ukingo, kwa sababu ndoano nyingi huishia kichwani na masikioni.

Nani avae? Si anayevua peke yake. Kila mtu aliyefika ukingoni. Anayevua, anayetazama, anayekula ndizi.

*Sehemu ya 5*

Nilikuwa nimalizie kwenye macho, lakini mama mmoja kutoka Limuru ameniandikia kwamba bwawa wanakoenda "halina kina kirefu, na mwanangu anajua kuogelea, alifundishwa shuleni." Mama, nakuheshimu, na nitakujibu hapa hapa ili na wengine wasikie.

Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakipita nyuzi 20 anaanza kuhangaika, hali vizuri, hewa inampungukia. Ndiyo maana mabwawa yake yako huku juu kwenye ukungu, na maji mengi yanaletwa moja kwa moja kutoka mtoni. Kwa maneno mengine, mwenye bwawa amefanya kila awezalo ili maji yabaki baridi. Kwa samaki ni sawa. Kwa mtoto wako, hicho ndicho kidimbwi cha kuogelea cha shule SICHO.

Mtu akianguka ghafla kwenye maji ya baridi, kitu cha kwanza mwili unafanya bila kumuuliza ni kuvuta pumzi kwa nguvu, "haaa!" Kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, amevuta maji. Halafu anahema haraka haraka, mikono inakufa ganzi, nguo na gumbuti zinajaa. Mtoto anayejua kuogelea kwenye maji ya vuguvugu akiwa na kaptula hana mazoezi ya jambo hili. Na kingo za mabwawa ya kuchimba ni mteremko wa udongo au karatasi ngumu ya plastiki, inateleza kama sabuni. Hata mtu mzima hutoka kwa taabu.

Tena hazami kwa kelele. Filamu zimetudanganya. Mtoto anayezama hapigi mayowe wala hapungi mkono, maana hana pumzi ya kupigia mayowe. Anazama kimya, wewe ukiwa hatua chache tu, unatafuta mahali simu inashika mtandao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 hufa kwa kuzama kila mwaka duniani, na karibu robo yao ni watoto ambao hawajafika miaka mitano.

Nitasema langu nami, ili usidhani nahubiri kutoka mimbarini. Mwaka juzi nilikuwa nampiga picha mkubwa na samaki wake. "Sogea kidogo, inua juu, cheka." Nilipoteremsha simu, mdogo alikuwa ameshafika ukingoni, mguu mmoja kwenye matope yanayoteleza, ameinama anatazama samaki. Alikuwa na miaka mitatu. Ni mama mwingine, nisiyemjua, aliyemshika kwa kofia ya sweta. Mimi ni muuguzi. Nimefundisha watu haya mambo. Picha ile ninayo bado na sijawahi kuiweka mahali popote.

Tangu hapo kwetu kuna sheria moja: anayevua havui na kulea. Ukishika fimbo, huna mtoto. Mtoto ana mtu mwingine, anayetajwa kwa jina kabla hatujashuka kwenye gari, na mtu huyo simu yake iko mfukoni. Wakibadilishana, wanasema kwa sauti. "Baba yupo" si jibu. Baba anatazama nzi wake juu ya maji na hivyo ndivyo mchezo unavyotaka.

Na mdogo asiyeogelea, jaketi la kuelea, limefungwa mpaka ule mshipi wa katikati ya miguu. Si lile la kuning'inia shingoni kwa ajili ya picha.

*Sehemu ya 6*

Sasa majibu. Nimepokea maneno mengi, mengine ya heshima, mengine si ya heshima.

"Sista, unatuharibia biashara." Ndugu yangu, mwenye bwawa aliyeniandikia, nimekusoma. Umesema una wafanyakazi kumi na mmoja na wote wana watoto. Nalichukulia kwa uzito. Ila umeandika aya nne, na katika aya nne hizo neno "miwani" halimo. Kinachoharibu biashara yako si mimi.

"Wameweka bango, kila mtu aingie kwa hiari yake na hatari ni yake." Bango hilo nimelisoma, na ile karatasi ya kutia sahihi pia. Mtoto wa miaka sita hakuisoma. Na hata angeisoma, karatasi haizuii ndoano.

"Watu wamevua trauti Kenya zaidi ya miaka mia moja bila hizo miwani zako." Walikuwa wanavua mmoja mmoja, kando ya mto, hatua mia kati ya mtu na mtu, na watoto walikuwa nyumbani. Hawakupangwa bega kwa bega siku ya Jumapili na bembea nyuma yao. Isitoshe, nenda leo Uingereza mchezo ulikotoka. Mwalimu wa kule huwa hampi mwanafunzi fimbo kabla hajavaa miwani na kofia. Tumechukua fimbo, tumechukua samaki, tumechukua hata zile kofia za kupigia picha. Miwani tumeziacha huko huko, kwa nini?

"Mungu ndiye mlinzi." Amina. Na bado mnafunga mlango usiku.

"Wewe unataka watoto wasicheze." Huyu sina la kumwambia. Arudi Sehemu ya 2.

Lakini kuna moja imenigusa, nayo nitaijibu polepole. Baba mmoja kijana ameandika kwamba anafanya kazi siku sita, Jumapili ndiyo siku yake pekee na wanawe, na sasa nimemfanya aogope hata hiyo moja. Kaka, sikutaka hivyo. Wewe ndiye nilikuwa nakuwaza. Yule baba niliyemwona mlangoni alikuwa mtu wa aina yako hasa, ameokoa pesa miezi miwili ili awapeleke watoto. Alipewa fimbo, akaonyeshwa namna ya kurusha kwa dakika tano, akaachwa. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, angalia nyuma kila mara kabla hujarusha, na wanao wasimame pale." Maneno kama hayo yanachukua muda gani? Alinyimwa, na sasa atayabeba maisha yake yote kana kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Wewe nenda na wanao. Nenda ukiwa na miwani nne kwenye begi.

*Sehemu ya 7*

Mmeomba nieleze la kufanya ikitokea. Upesi upesi, muihifadhi.

Ndoano jichoni au kwenye kope: usiivute. Hata kama inaning'inia tu. Kata mshipi ukiacha kipande kirefu kama kidole. Chukua kikombe cha karatasi, kiweke juu ya jicho bila kugusa ndoano, kifunge kwa plasta au kitambaa. Usibonyeze jicho. Usilioshe, usitie dawa ya matone, na tafadhali usitie maziwa ya mama; najua shangazi atasema utie. Usimpe mtoto chakula wala kinywaji, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Nenda hospitali yenye daktari wa macho, nao wapigie simu mkiwa njiani.

Ndoano kwenye kidole au sikio: hii mara nyingi si balaa. Kama ile ncha ndogo inayorudi nyuma ilikuwa imebanwa kwa koleo kabla ya kuvua, ndoano inatoka ilikoingia, kama sindano. Kama haikubanwa, usishindane nayo, nenda kituo cha afya, na uulizie chanjo ya pepopunda. Na hapo umeshaelewa kwa nini nasema ndoano zote za watoto zibanwe ile ncha. Ni kazi ya sekunde tatu. Samaki watatoroka kiasi, ndiyo. Mfundishe mtoto asilegeze mshipi, watatoroka wachache.

Mtoto ametolewa majini na hapumui: usimning'inize kichwa chini, usimkande tumbo kutoa maji, mnapoteza muda. Mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi tano za kwanza. Hajazinduka, minya katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo bila kuacha huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka akaomba soda, apelekwe hospitali. Mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

*Sehemu ya 8*

Nimesema usilipe kabla hujaona miwani, na nilimaanisha hivyo. Piga simu kabla ya kwenda. Uliza kama wana miwani za watoto, za watu wote watakaokuwa ukingoni. Uliza njia ya choo inapita wapi. Uliza watoto wanafundishwa kurusha vipi, na kama kuna majaketi ya saizi yao. Wakikujibu vibaya, waambie asante, na uwaambie ni kwa nini hamji. Hilo la pili ndilo watu wengi huliruka. Mwenye bwawa akipokea simu sita za namna hiyo kwa wiki moja, atajua njia ya hadwea.

Mimi nimepiga jana. Bwawa dogo, si lile maarufu, halina hata bembea. Akapokea mzee.

Nikauliza miwani. Akasema za watoto ana tatu, nyingine imekaliwa na ng'ombe.

Nikauliza njia ya choo. Akasema choo kiko juu kwa nyumba, watu hawapiti kwa maji.

Nikauliza wanarushaje. Akacheka. "Sista, watoto kwangu wanaviringisha tu. Wakitaka kurusha kama sinema waende kule kwa tajiri."

Nikauliza bei ya kilo. Hapo hakucheka, na mimi pia sikucheka, lakini tutaenda Jumamosi. Miwani ya nne natoka nayo nyumbani. Mdogo ana jaketi la binamu yake, limemzidi kidogo, nimelishona pembeni. Mtu wa kumwangalia saa ya kwanza ni shangazi yao, na simu yake ameshaniahidi itakaa kwangu.

Ile ya kumwachisha mtoto kunyonya inakuja Jumatano.